Faili zilizonyofolewa kurasa: ninavyozisoma

Faili ikiletwa mezani sianzi kuisoma. Kwanza nahesabu. Makarani wa serikali ya kikoloni waliipa kila karatasi nambari, na nambari haziruki bila sababu. Juzi, katika chumba cha kusomea hapa katikati ya Nairobi, nilifungua faili ya wilaya ya miaka ya 1950: 41, 42, 43, kisha 58. Kamba iliyofunga karatasi ilikuwa imelegea, na kwenye tundu vimebaki vipande vidogo kama ukucha. Nikaandika daftarini: 14 hazipo.

Wanafunzi huniuliza kwa nini nihangaike na kisichokuwepo. Nahangaika kwa sababu aliyeking'oa alikuwa na sababu.

Kabla ya Uhuru wa 1963, maofisa wa Kiingereza walizigawa faili mafungu mawili: za kuachiwa serikali mpya, na zile zilizopigwa muhuri wa herufi W, ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kuzigusa. Mwaka 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba lolote la kuiaibisha serikali yake lisirithishwe. Nyingi zilichomwa, na amri ikataka hata majivu yavunjwevunjwe. Nyingine zikasafirishwa Uingereza. Wazee wetu walipoishtaki serikali hiyo London kwa mateso ya kambini, walikozuiliwa washukiwa wa Mau Mau, ndipo ilipokiri mwaka 2011 kwamba Hanslope Park, ghala lake la siri huko Uingereza, kulikuwa na masanduku kama 300 kutoka Kenya. Kumbe yalikuwapo huko miaka yote!

Lakini barua ya serikali haisafiri peke yake. Nakala huenda kwa mkuu wa mkoa, kwa magereza, kwa daktari. Aliyejibu ataanza na "rejea barua yako" na kutaja nambari, na nambari hiyo ndiyo ninayoifuata. Daftari la posho nalipenda kuliko ripoti yoyote. Idadi ya wanaolishwa ikishuka ghafla, na hakuna hati ya kuhamishwa wala kuachiliwa, hapo nasimama.

Kambi ya kizuizini ya Hola ni mfano mchungu. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walikufa, na tangazo la serikali likasema walikunywa maji ya mkokoteni. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha walipigwa hadi kufa. Uongo huo haukuwa wa bahati mbaya. Miaka miwili kabla, mwanasheria mkuu Eric Griffith-Jones alikuwa amemwandikia gavana kwamba, kama ni kutenda dhambi, waitende kimyakimya.

Karatasi pekee haitoshi. Mzee mmoja wa Bahati aliyekamatwa katika ile Operesheni Anvil, msako mkubwa wa Waingereza hapa Nairobi wa Aprili 1954, hakuikumbuka tarehe, nami nikafanya kosa la kumbana nayo. Akanyamaza. Nilipoacha karatasi zangu, alijifunika uso kwa viganja, akaacha upenyo wa macho mawili, mfano wa gakunia, yule mtoa habari aliyevikwa gunia ili awatambulishe watu wa Mau Mau. "Gakunia alikuwa hivi, kijana wangu. Haongei. Akitikisa kichwa, wewe ni lori." Hakuna faili iliyowahi kunionyesha macho yale.

Wala tusidhani kuficha kuliondoka na Mzungu. Februari 1984 serikali yetu wenyewe iliwakusanya wanaume wa Kisomali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani kwa siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja 57. Familia za huko zina majina mengi mno kuliko hayo, na kwangu mimi orodha ya mjane ni hati kamili, inastahili kulinganishwa na hati nyingine kwa heshima ileile.

Kati ya zile 14 nimeshapata nakala ya moja, ndani ya faili ya ujenzi ambayo huenda hakuna aliyefikiria kuichuja. Ni ombi la lori tatu na maturubai. Sababu haikuandikwa. Pembeni pana nambari ya rejea inayoelekeza kwenye faili ya afya ya wilaya hiyohiyo. Kesho asubuhi naiomba.