Betri uliyoitumbukiza chooni haijaenda popote

Nilipohama Chang'ombe kwenda Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, niliimwaga droo moja sakafuni: betri za redio zilizoota ukungu mweupe kwenye kitako, simu tatu za vitufe, chaja zisizo na wenyewe, na tochi ya kuchaji iliyokataa kuwaka. Mama mwenye nyumba akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, tumbukiza chooni. Zitaozea huko."

"Zitaozea chooni"

Haziozi. Betri ya redio ni gamba la zinki, unga mweusi wa manganizi na ute wa chumvi. Ule ukungu mweupe ni dalili kwamba gamba limeshaliwa na ute umeanza kutoka. Choo cha shimo nacho hakina sakafu chini. Maji yake hunywewa na udongo. Hapa kwetu udongo ndio tanki: kwa miaka mingi mji umekunywa maji ya visima vya Makutupora, na wenye uwezo wanachimba visima vyao uani.

Sisemi betri mbili za redio zitamtia mtu sumu kesho. Ninachohofia ni zinazofuatana nazo. Ile tochi niliifungua kwa bisibisi: ndani mlikuwa na kibetri cheusi cha volti 4, cha risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) na asidi, ndugu mdogo wa betri ya gari. Tochi nyingi za bei nafuu ziko hivyo, na tunazitupa kama maganda ya muhogo. Taa za enaji seva nazo zina zebaki. Kidogo, lakini ikivunjika unaivuta.

"Dodoma ni kukavu, sumu haina pa kwenda"

Ina vumbi. Anayeijua Dodoma ya Agosti anajua upepo unavyoingiza mchanga hadi kwenye sufuria. Risasi iliyomwagwa uani hupeperushwa na hilo vumbi, na mtoto anayetambaa huipeleka mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Humharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kisha Desemba mvua inakuja kwa kishindo, makorongo yanajaa na kubeba kilichosalia.

"Wa chuma chakavu ameinunua, basi imefika panapostahili"

Hapa dhana ina nusu ya ukweli. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari au ya sola ni risasi, na karibu yote huyeyushwa ikatumika upya. Biashara hiyo naipenda. Linaloniuma ni kinachofanyika kabla ya mzani. Nimesimama nikaona kijana akiigeuza betri ya sola juu ya mchanga, asidi ikatoka, mchanga ukatoa povu, naye yuko na kandambili. Asidi ile hutoka na chembe za risasi. Ukiuza, uza betri nzima, imefungwa, na umkatalie atakayetaka kuimwaga nyumbani kwako. Nyaya pia msizichome ili kupata shaba. Moshi wa plastiki yake una sumu inayokaa mwilini miaka. Zimenyweni kwa kisu.

"Betri ya simu imevimba? Itoboe itoe hewa"

Usithubutu. Inaweza kulipuka moto mkononi. Acha kuichaji, iweke kwenye mkebe wenye mchanga mkavu, mbali na godoro na mapazia. Kwa sababu hiyo hiyo usiifiche kwenye mfuko wa taka: gari likiikandamiza, vijana wa taka ndio watakaoungua, kabla hata ya kufika dampo la Chidaya.

"TV ya chogo ni uchafu tu"

Mitambo ya analojia ilipozimwa, wengi waliamini TV zao zimekufa, kumbe king'amuzi tu kilitosha. Iliyokufa kweli isivunjwe: kioo chake kina risasi, na kwenye TV kubwa hufika kilo na zaidi.

Basi zipelekwe wapi? Ugumu uko hapo, na siwalaumu waliochoka kutafuta. Tangu 2021 nchi ina kanuni za taka za umeme na elektroniki, na anayezikusanya anatakiwa awe na kibali. Mwulize hicho kibali. Ukikosa wa kumwuliza, NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma. Waombe wakuelekeze kwa mwenye nacho. Simu nzima mpe fundi, atatoa spika au kioo akamtengenezea mwingine.

Zangu nimezifunga selotepu kwenye ncha, zisigusane zikapata moto, nikazitia kwenye ndoo kavu ya rangi yenye mfuniko, juu ya kabati watoto wasipofika. Jumapili mama wa Chang'ombe alikuja kunisalimu. Alifungua mkoba akatoa betri nne za redio yake, akaniuliza ile ndoo iko wapi.