On Your Mark: hadithi iliyofichwa kwenye mikato

Ukiitazama mara ya kwanza, On Your Mark, katuni fupi ya wimbo, inakuvuruga kichwa. Polisi wanavamia ghorofa refu, wanamkuta msichana mwenye mabawa, ananyang'anywa mikononi mwao, wanakwenda kumtorosha, gari linaporomoka barabara inapokatika, kisha ghafla tumerudi palepale alipookotwa kana kwamba hakuna aliyeanguka. Yote hayo yamepita ndani ya dakika zisizofika saba, na hatujasikia neno hata moja la mhusika yeyote. Kazi yangu ni kuhariri video za muziki, na hii ndiyo katuni ninayowaonyesha kwanza vijana wanaokuja kwangu kujifunza, kwa sababu hadithi yake haimo kwenye picha peke yake. Imefichwa pale picha moja inapokatwa na nyingine kuanza.

Hayao Miyazaki, mwongozaji wa katuni wa Japani, ndiye aliyeitunga na kuiongoza, katika studio yake ya katuni, Studio Ghibli, kwa ajili ya wimbo wa CHAGE and ASKA, wanamuziki wawili waliokuwa wakitamba sana Japani wakati huo. Wimbo ulitoka 1994. Katuni ikaingia kwenye majumba ya sinema Julai 1995, ikionyeshwa pamoja na filamu ndefu ya studio hiyohiyo. Wale polisi wawili wamechorwa wafanane na waimbaji wenyewe, na hapo ndipo heshima kwa waimbaji inapoishia: hawaimbi, hawachezi, hawaitazami kamera. Miyazaki alisema waziwazi kwamba aliyapa maneno ya wimbo maana nyingine kwa makusudi. Nitarudi kwenye maneno hayo, maana bila hayo huwezi kuelewa kwa nini muda unarudi nyuma.

Tuanze na picha za mwanzo, ambazo wengi huzipita wakidhani ni za kupendezesha tu. Ni kijiji kimya mchana. Majani yamezimeza nyumba, hakuna mtu barabarani, na kando yake kuna jengo la zege, kubwa kupita kiasi, lisilolingana na chochote kinacholizunguka. Mtazamaji wa Kijapani wa 1995 hakuhitaji kuambiwa. Miaka tisa kabla, tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha nyuklia namba 4 cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka, na kufikia Novemba mwaka huo kilikuwa kimefunikwa kwa ganda la zege na chuma. Watu waliokuwa wakiishi ndani ya kilomita 30 walihamishwa, vijiji vikaachiwa magugu. Miyazaki ameiweka picha hiyo mbele ya hadithi nzima, halafu anaikata na kukutupa usiku, katikati ya jiji lililosongamana, taa za rangi kila upande. Hakuna maelezo yoyote. Ndiyo maana wengi wanasahau kijiji kile mpaka kinaporudi mwishoni.

Tena kuna jambo ambalo katuni haisemi hata kidogo: jiji lile liko chini ya ardhi. Unalitambua pale tu gari linapopita kwenye handaki refu na kutokea juani. Rudi sasa uzitazame picha zote za jiji. Ni usiku na taa za umeme kila mahali. Watu wale wanaishi chini kwa sababu juu kumeharibika, na wamezoea kiasi kwamba hakuna anayeinua macho.

Uvamizi wa lile ghorofa umewapoteza wafasiri wengi. Waliomo ni wafuasi wa dhehebu lenye nembo ya jicho, wana silaha, na wanauawa kwa wingi. Machi 20, 1995, miezi minne tu kabla katuni haijaonyeshwa, wafuasi wa Aum Shinrikyo, dhehebu la Kijapani, walimwaga gesi ya sumu ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo, wakaua watu zaidi ya kumi na kuwadhuru maelfu. Siku mbili baadaye polisi wenye mavazi ya kinga wakavamia makao yao. Ilikuwa rahisi kusema katuni inahusu hayo. Lakini hadithi ilikwisha kutungwa kabla ya shambulio, na mimi naona kuisoma hivyo kunaifanya iwe ndogo.

Linganisha badala yake vipande viwili. Katika cha kwanza, msichana amelala sakafuni ndani ya jengo la dhehebu, katikati ya uharibifu, na wale polisi wawili wanamwinamia kwa upole ambao hatujauona popote usiku ule. Katika cha pili, watu waliofunikwa mavazi ya kinga toka utosini hadi miguuni wanakuja kumchukua, wanamfungia na kumpeleka maabara. Dhehebu lilimfungia ndani, na sasa serikali nayo inamfungia ndani. Kwa hao wa kwanza ni kitu kitakatifu, kwa hawa wa pili ni kitu chenye sumu, na hakuna upande hata mmoja uliomwona kuwa kiumbe anayetaka kuruka. Mashabiki wengi humwita malaika. Mimi nasita kumwita hivyo. Katuni haikuonyesha hata dalili moja kwamba ametoka mbinguni, ilhali inatuonyesha wazi kwamba hewa ya juu, ile ambayo wengine wote wanaikimbia, ndiyo makao yake. Nadhani ni kiumbe wa huko juu.

Sasa nije kwenye kuanguka, ambako ndiko ninakokupenda kuliko kote. Polisi wanaingia maabara, wanamtoa, wanakimbia naye kwa gari kubwa la kivita huku vyombo vya angani vikiwafukuza. Barabara inakatika. Gari linaporomoka kwenye kina kisichoonekana mwisho. Wanajaribu kumwachia ili aruke ajiokoe peke yake, naye hataki kuwaachia. Hadithi ingeweza kuishia hapo, na kusema kweli huo ndio mwisho unaoelekea zaidi kutokea. Lakini picha inarudi nyuma hadi usiku ule alipookotwa. Tunaupitia tena mkasa kwa kasi, tunafika palepale barabara inapokatika, na safari hii gari linaruka, linavuka pengo na kujitupa ndani ya jengo la ng'ambo.

Wengine husema ni ndoto, wengine kwamba ni dunia mbili zinazokwenda sambamba. Sikiliza wimbo kwanza. Unaanza na watu wanaopangusa vumbi kwenye nguo zao, wakiwa na tabasamu lao la kila siku. Kiitikio kinasema kwamba kila wakianza kukimbia wanapigwa na mafua ya msimu, na kwamba hata hivyo hawaachi, kwa sababu wakiutazama mlima wa ndoto zao wanahisi watauweza. Kwa waimbaji, yale ni mafua ya kawaida. Miyazaki ameyachukua akayafanya ugonjwa wa dunia nzima, mionzi iliyowafukuza watu juu ya ardhi. Kule kuanza upya kila unapoangushwa, ambako kwa mwimbaji ni tabia ya kiitikio tu, yeye kakugeuza kuwa muundo wa hadithi. Kiitikio kinarudi, na mkasa unarudi nacho. Kwa hiyo, kwangu mimi, kuanguka kule si ndoto. Ni jaribio lililoshindwa, na mhariri ameamua tulione kwa ukamilifu kabla hajatupa lile lililofaulu. Mhariri wa kawaida angelikata. Nami najua jinsi inavyoshawishi kulikata, maana mteja siku zote anataka ushindi.

Ndiyo sababu pia picha ya msichana akishikwa mikono juu ya gari la wazi, akijaribu upepo, inachomekwa mapema kabisa, kabla hata hajatoroshwa. Wengine huiita kumbukumbu ya mbele. Mimi naiona ni nia: ndicho wale wawili wanachokiona kichwani pale wanapomwangalia kwa mara ya kwanza, na sehemu yote inayobaki ni kazi ya kuifanya picha hiyo iwe kweli.

Mwisho ndio unaozua ubishi mkubwa. Gari la wazi linatoka handakini, linapita mabango ya hatari, mashamba ya kijani yanafunguka, lile jengo la zege linaonekana. Mmoja wao anambusu msichana mkono, wanamwachia, anapaa. Gari linaacha barabara na kusimama majanini. Wanaosema polisi wamekufa wanategemea mabango, na baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, Machi 2011, nawaelewa zaidi kwa nini usomaji huo una nguvu. Hata hivyo sikubaliani nao. Mabango ni maneno ya wenye jiji, walewale waliomfungia msichana. Kamera yenyewe haitupi maiti wala ugonjwa, inatupa majani mabichi na gari lililosimama bila kugonga kitu. Baada ya 1986 kuna wazee, wengi wao wanawake, waliorudi kwenye vijiji vyao karibu na Chernobyl bila ruhusa, wakalima na kuishi humo miaka mingi. Mionzi ilikuwepo na wao walikuwepo. Hivyo ndivyo ninavyowasoma wale polisi wawili: wamejua watadhurika, wamepanda juu hata hivyo, na gari limeacha barabara kwa sababu dereva naye alikuwa akitazama juu.