Ankara isiyosema mengi: programu ya malipo kwa washauri nasaha wa Mombasa

Ankara ya fundi wa magari hueleza kila kitu, kuanzia breki hadi oili. Ya mshauri nasaha haifai kuwa hivyo. Ikishataja namba, tarehe na kiasi, kila neno linaloongezwa laweza kumfikia asiyehusika. Nimekuwa nikiunda programu ya ankara kwa washauri wa hapa Mombasa, na kazi kubwa imekuwa kuamua nini kisiandikwe.

Hapa mjini watu wanajuana. Simu nayo haina mwenyewe: mtoto anachezea, mume anaomba atume pesa, shangazi anataka kuona picha za harusi. Ujumbe ukitokea kwenye skrini ukisema "kikao chako cha tiba", siri imekwisha. Kwa hiyo ujumbe wetu husema tu: "Ankara namba 0417 iko tayari, Sh3,000." Siku ya kwanza mteja huulizwa atumiwe wapi, kwa jina lipi, na saa ngapi.

M-Pesa ndiyo iliyonichukulia muda zaidi. Jina la biashara lililosajiliwa kwenye Paybill, yaani namba ya kupokea malipo ya biashara kwa M-Pesa, ndilo litakalobaki katika ujumbe wa mlipaji na katika taarifa yake ya M-Pesa, ambayo huenda siku moja akaipeleka benki kuomba mkopo. Kabla ya kuandika msimbo wowote, huwa namuuliza mshauri amesajili jina gani. Kisha kuna sehemu ya namba ya akaunti. Ombi la malipo linapotumwa kwenye simu ya mteja, sehemu hiyo hubeba herufi zisizozidi 12, na ni rahisi mno kwa mtayarishaji programu kuweka hapo jina la mteja. Mimi naweka tarakimu za kubahatisha zisizo na maana kwa mtu mwingine. Ndizo pia zinazounganisha malipo na ankara, kwa sababu mtu anapolipa mwenyewe kwa Paybill, namba yake ya simu huifikia programu ikiwa imefichwa. Tena anayelipa mara nyingi si anayehudumiwa: mama yuko Dubai, pesa zinapitia kwa mjomba Changamwe, kijana ndiye anayeketi na mshauri.

Huyo kijana alinifunza jambo. Mama analipa, ana haki ya ankara. Je, ankara imwambie kwamba mwanawe hakufika Jumanne? Mshauri mmoja wa Tudor, mama wa makamo, aliniambia: "Mwanangu, hilo atalisema yeye mwenyewe akiwa tayari." Tukaandika "ada ya muda uliotengwa". Ni kweli kijana akifika, na ni kweli asipofika.

Kwa bima haiwezekani hivyo. Bima hailipii kiti kitupu, na hudai msimbo wa ugonjwa, kwa mfano F32 kwa sonona au F41 kwa matatizo ya wasiwasi. Hivyo kumbukumbu moja huzaa hati mbili: ankara ya mlipaji na hati ya bima. Msimbo wa ugonjwa unahifadhiwa peke yake, umefungwa kwa ufunguo wa mshauri. Karani wa mapokezi anaona nani amelipa, basi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya miongoni mwa data nyeti, na data ikivuja kwa namna ya kuwahatarisha wahusika, Kamishna wa Data lazima aarifiwe ndani ya saa 72. Nisichokihifadhi hakiwezi kuvuja.

Kwa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, maelezo ya huduma yanakwenda kwa mamlaka hiyo, nasi tunaandika "ushauri wa kitaalamu". PIN ya kodi ya mnunuzi tunaijaza akiiomba, kama vile kampuni inayowalipia wafanyakazi wake.

Yamebaki madeni. Washauri wengi huona haya kudai, na wengine waliniomba programu iwakumbushe wateja yenyewe. Nilikataa. Mashine haijui nani amefiwa jana, wala nani alitoka kikaoni akiwa hoi. Kila Jumatatu asubuhi mshauri huonyeshwa orodha ya ankara ambazo hazijalipwa, na karibu na kila jina kuna vitufe vitatu: tuma, subiri wiki moja, samehe. Asipobonyeza chochote, hakuna ujumbe unaotoka.