Je, kumlilia marehemu ni kukosa imani?

Kila penye msiba ujumbe huu hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: "Mkristo halii msibani, Biblia imesema msihuzunike." Si kweli. Fungua 1 Wathesalonike 4:13 usome mstari mzima: tusihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Kinachokataliwa hapo ni huzuni isiyo na tumaini la ufufuo, si machozi. Wengi hupotoka kwa sababu mstari huletwa ukiwa umekatwa, na mfiwa hana nguvu ya kuuhakiki. Soma pia Yohana 11. Yesu alikwisha kumwambia Martha kwamba ndugu yake Lazaro, aliyekuwa amekufa, atafufuka. Hata hivyo, kabla ya kufika kaburini, alilia. Tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo, hasa kwa mjane ambaye hata arobaini haijapita.