Felix hakubebwa na mtu

Kila Allyson Felix, mwanariadha wa Marekani, anapotajwa hapa Nairobi, hakosi mtu wa kuhesabu kwa vidole: dhahabu saba za Olimpiki, ila yake hasa ni moja, ya mita 200 kule London 2012, sekunde 21.88. Hizo sita za kupokezana vijiti eti alibebwa. Safari hii aliyeniambia hivyo ni mwalimu wa michezo, mtu anayechagua timu ya shule. Nimechoka, mwalimu.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2021 wasichana wa Jamaika walikimbia 4x100, wanne wakipokezana kijiti kwa mita 100 kila mmoja, pale uwanja wa Kasarani, mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20, kwa 42.94. Gawanya kwa nne: 10.74 kila mmoja. Bingwa wa mita 100 wa mashindano hayo hayo, Tina Clayton, mmoja wa hao wanne, alishinda kwa 11.09. Wastani unampita bingwa kwa sababu watatu hupokea wakiwa tayari mbioni, tusonge mbele. London 2012 Jamaika walikuwa na dhahabu na shaba ya mita 100. Marekani wakawaacha nyuma kwa zaidi ya nusu sekunde, 40.82, wakafuta rekodi ya Ujerumani Mashariki ya tangu 1985. Kinachopimwa ni mwendo wa kijiti.

Sasa linaloniudhi hasa. Felix alikimbia zamu ya pili ya 4x100, London na Rio. Shuleni kwetu zamu ya pili ni maficho: mwenye kasi zaidi anawekwa mwisho apigiwe makofi, anayemfuata anaanza, waliobaki wanasukumwa katikati. Jamani! Wa kwanza hutoa tu, wa mwisho hupokea tu. Wa pili hupokea kwa mkono wa kushoto bila kugeuka, anakimbia ule upande wa mbali wote ulionyooka, kisha anamkabidhi mtu aliyekwisha kuanza kumkimbia. Kijiti kinaweza kukaa naye kwa zaidi ya mita 100. Msichana anayeanza kuzima kwenye mita 90 ataumbuka hapo, na ndiyo maana unamweka mkimbiaji wa mita 200.

Halafu kuna utepe. Anayesubiri hubandika utepe chini, hatua kadhaa nyuma yake, na mwenzake akiukanyaga tu, huyu anachomoka. Njoo uwanja wa Nyayo asubuhi uone. Akichomoka mapema kidogo, unasikia "Shika!" ikiitwa, mkono uko nyuma, umefunguka vizuri, na kijiti hakiufikii. Akichelewa, wanagongana kama matatu stendi. Wote wawili wana kasi, wala hakuna wa kulaumiwa kwa uvivu.

Rio 2016, kwenye mchujo, Felix aligongwa na mkimbiaji wa Brazil akiwa anamkaribia English Gardner, mwenzake wa zamu ya tatu, kijiti kikaanguka. Akamwambia Gardner akiokote wamalize. Wengi wangeketi chini walie. Wakakata rufaa, wakaruhusiwa kurudia peke yao uwanjani, wakapata 41.77. Fainali wakapewa leni ya kwanza, yenye kona kali kuliko zote, wakashinda kwa 41.01. Nani alimbeba nani hapo?

Kwenye 4x400, mita 400 kila mmoja, nina shaka zangu kuhusu kumpima mtu mmoja mmoja. Kwenye mashindano ya dunia ya Beijing 2015 alishinda mita 400 kwa 49.26, kisha kwenye fainali ya kupokezana zamu yake ikapimwa 47.72, na Marekani bado wakawa wa pili nyuma ya Jamaika. Tofauti ya sekunde moja na nusu. Sehemu yake ni ule mwanzo wa kupokea ukiwa tayari mbioni, na makocha wana nambari yao ya kupunguza kwenye tofauti hiyo. Mimi siiamini sana. Anayepokea zamu ya tatu hukuta msongamano, huenda akazunguka nje ya mwenzake kwenye kona, au akapata mtu wa kumkimbiza. Utatoa ngapi kwa hayo?

Na kama lazima ubishe, mwalimu, bisha kuhusu dhahabu ya 4x400 ya mashindano ya dunia ya Eugene 2022. Hapo alikimbia mchujo tu, fainali wakakimbia wengine, na medali akapata kwa mujibu wa kanuni. Hiyo tunaweza kuizungumza. Zile saba za Olimpiki, fainali zote alikuwa uwanjani.