Muziki wa wajukuu na vitukuu: albamu chache ambazo redio haijakupigia

Watu wakiniomba muziki mpya huanza na mtindo: nipe taarab, nipe cha kuchezeka, nipe cha kusikiliza usiku. Kazi yangu ni kupanga muziki wa redio, na siku hizi sitafuti kwa njia hiyo. Natafuta kwa ukoo. Afrika Mashariki ina wanamuziki kadhaa waliozaliwa kwenye nyumba zenye jina, nao wamechukua walichokikuta wakakipeleka mahali ambapo babu asingefikiria kwenda. Anayerudia tu nyimbo za marehemu, hata awe na sauti tamu namna gani, simuweki kwenye orodha.

Anza na The Zawose Queens. Pendo Zawose ni binti wa Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyetoka Dodoma, akaweka makazi Bagamoyo na kuuzungusha muziki wa kwao duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Leah ni mjukuu wake. Kwa miaka mingi wanawake hawa walikuwa waitikiaji na wachezaji nyuma ya wanaume wa familia. Albamu yao, Maisha, iliyotolewa na lebo ya Real World mwaka 2024, imewaleta mbele.

Isikilize ilimba kwa makini. Ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, ila si vijiti vyote huguswa. Vingine vimewekwa visubiri tu: mwenzake akilia, navyo vinatetemeka vyenyewe na kuacha mwangwi mwembamba nyuma ya noti. Kisha pana tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na huo ndio unaotoa ule mvumo unaosikika chini ya kila mpigo. Fundi mitambo asiyeujua muziki huu angedhani spika imepasuka, akausafisha wote. Hapa umeachwa ulie. Juu yake zinakuja sauti za Kigogo, ambazo mpangilio wake haufuati vipimo vya kinanda; aliyezoea kwaya ya kanisani akijaribu kuitikia atajikuta katikati ya noti mbili, hajui aende juu au ashuke. Maprodyuza wameongeza vionjo vya kielektroniki, na kwa maoni yangu ziko sehemu ambazo zingetosha bila hivyo. Lakini hawakuzifunika sauti, nalo si jambo dogo.

Wa pili hana hata mdundo. KMRU ni Joseph Kamaru wa Nairobi, na jina hilo ni la babu yake, kwa desturi ya Wakikuyu ya kurithisha majina. Babu ndiye yule Kamaru wa benga na nyimbo za siasa, aliyefariki mwaka 2018. Ukifungua muziki wa mjukuu ukitegemea gitaa, utadhani umekosea faili. Anarekodi sauti za mazingira, anazinyoosha na kuzipanga tabaka juu ya tabaka, bila ngoma na bila maneno. Albamu ya Peel, ya mwaka 2020, inafungwa na kipande cha zaidi ya dakika 20 ambacho hubadilika polepole kiasi kwamba huwezi kusema kilibadilika lini. Nikitaka kumwonyesha mtu anachofanya hasa, huwa namwekea Natur ya mwaka 2024. Kijana alihamia Berlin, na humo ametumia vinasa vinavyonasa mawimbi ya umeme, yaani ile milio ambayo sikio halipati kutoka kwenye nyaya, taa na mashine zinazotuzunguka. Ni kipande kimoja kirefu, kizito, mahali pengine cha kutisha. Spika ya simu hapa haifai kabisa. Vaa hedifoni, na usijaribu ukiwa kwenye daladala.

Huyu si mjukuu aliyeutupa urithi. Ndiye aliyezikusanya rekodi za babu yake na kuziweka Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambako unaweza kuzinunua leo. Sijui mfano mzuri zaidi wa mtu anayetunza maktaba ya familia huku akikataa kuishi ndani yake.

Zanzibar kuna Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad. Bibi ndiye mwanamke aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati ambapo taarab ya majumba ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Kitukuu ametoa Siti of Unguja mwaka 2020 kupitia On the Corner Records, akiwa na Mohamed Issa Matona kwenye uongozi wa muziki. Nyimbo ni za bibi, ndiyo, na hapo nusura nivunje sharti langu mwenyewe. Kilichoniokoa ni nafasi iliyoachwa kati ya ala. Taarab tuliyoizoea sasa imejaa kinanda kila kona. Hii inamwacha mwimbaji amalize mstari, kisha kimya kidogo, ndipo udi ujibu. Anza na “Machozi ya Huba”.

Sasa onyo kwa wenye watoto waliolala. Lord Spikeheart wa Kenya anapiga kelele, kwa maana halisi. Alikuwa nusu ya Duma, kundi la watu wawili lililotoa albamu ya jina hilohilo mwaka 2020, na mwaka 2024 akaja peke yake na The Adept. Ni metali, biti za trap na mitambo inayosaga. Yeye hakurithi muziki, alirithi vita: yeye ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha fildi mashali, na aliyefariki Septemba 2023. Albamu imetolewa kwa heshima yake. Ukishalijua hilo, zile kelele zinaacha kuwa fujo. Si lazima uzipende. Mimi mwenyewe huzimudu nyimbo tatu nne kwa mkupuo.

Na singeli, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam? Humo hakuna babu mmoja wa kumtaja. Mrithi ni mtaa mzima. Ilitoka kwenye mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio na spika zilizochoka kwenye vigodoro, yaani sherehe za usiku za uswahilini, ikaongezwa kasi hadi midundo 200 na zaidi kwa dakika. Watu wengi wanaijua ya waimbaji tu. Tafuta ya maprodyuza: DJ Travella kwenye Mr Mixondo ya mwaka 2022, au Sisso na Maiko kwenye Singeli Ya Maajabu ya 2024, zote kutoka lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hii ndiyo ya kuwekewa sabufa, majirani wakiruhusu.

Kuhusu kulipia: tangu mwaka 2024 Spotify haimlipi msanii kwa wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12, na hawa wa pembeni ndio huangukia humo. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kupakua, na zipo Ijumaa maalumu ambazo huiacha sehemu yake. Utahitaji kadi au PayPal. Kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia pochi ya simu hutosha. Kama bajeti ya mwezi huu ni albamu moja, nunua Maisha.