Nimonia isiyosikia dawa: maswali na majibu

Swali: Ni lini tuseme kwamba dawa imeshindwa?

Jibu: Mgonjwa wa nimonia ya bakteria anayetumia antibiotiki inayofaa huanza kupata nafuu ndani ya siku 2 hadi 3: homa hushuka, pumzi hutulia na hamu ya chakula hurudi. Kikohozi na uchovu huweza kuendelea kwa wiki kadhaa, na hilo peke yake si kushindwa kwa dawa. Anayehema kwa shida, anayechanganyikiwa au ambaye midomo yake imegeuka rangi ya bluu hangoji siku hizo. Apelekwe hospitali mara moja.

Swali: Kwa nini wengine hawapati nafuu?

Jibu: Huenda dawa hailingani na kimelea. Antibiotiki ya amoksisilini huvunja ukuta wa bakteria, lakini bakteria aitwaye mikoplazma hana ukuta huo, na virusi havidhuriwi na antibiotiki yoyote. Huenda pia bakteria ni sugu, au dozi ilikatwa, jambo la kawaida pale vidonge vinaponunuliwa vichache vichache. Wakati mwingine dawa ni sahihi kabisa, ila usaha umejikusanya kati ya pafu na mbavu, ambako dawa hufika kwa shida, hivyo ni lazima utolewe kwa mrija.

Swali: Mzee wetu hapa Lubumbashi alichimba shaba miaka mingi. Amemaliza antibiotiki za aina mbili bila nafuu. Je, ni nimonia kweli?

Jibu: Swali hilo lilipaswa kuulizwa kabla ya dawa ya pili. Vumbi la mawe lenye silika huharibu mapafu na kumweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, hata baada ya kuacha kazi. Apimwe makohozi na apigwe picha ya kifua. Apimwe pia VVU, kwa kuwa kinga ikishuka, kuvu aitwaye Pneumocystis huweza kusababisha nimonia inayohitaji dawa nyingine, kotrimoksazoli. Daktari atafikiria vilevile saratani, moyo dhaifu na damu iliyoganda katika mishipa ya mapafu.

Swali: Tumjaribishie antibiotiki nyingine, levofloksasini, kwanza?

Jibu: Hapana, msiinunue wenyewe. Dawa hiyo hudhoofisha vimelea vya kifua kikuu kwa muda, mgonjwa akadhani amepona, na ugonjwa ukachelewa kugunduliwa huku akiwaambukiza wa nyumbani. Mpelekeni na maboksi ya dawa zote alizokwisha kunywa, hata yaliyo matupu.